Mtini kwenye mawe ya Goma: mwongozo kamili wa kupanda, kupogoa na kuvuna

Kwa jirani yangu hapa Katindo kuna mtini uliopandwa kabla sijahamia mtaa huu. Majani yake ni mapana kama sahani, na kivuli chake kinawatosha watu sita na mkeka wao. Lakini kwa miaka mingi mama mwenye parsele (kiwanja) hakuwahi kula tini iliyoiva. Matunda yalitoka, tena mengi, yakakaa miezi yakiwa magumu. Yalipoanza kulainika, mvua za Oktoba na Novemba ziliyakuta, yakapasuka, yakachachia juu ya mti, nzi wakayamaliza. "Mwanangu, Goma ni baridi sana kwa mti huu," aliniambia. Nikamwomba ruhusa niupogoe. Tuliukata Januari. Mwezi wa Julai alimtuma mjukuu wake kwangu na sahani iliyofunikwa kitambaa.

Baridi haikuwa na kosa. Mtini asili yake ni Asia ya Magharibi na nchi zinazozunguka Bahari ya Kati. Huko mwaka wenyewe unaugawia mti kazi: majira ya baridi yanauvua majani na kuulaza, joto likirudi unachipua, kisha kiangazi kirefu kikavu kinaivisha matunda. Goma iko mita kama 1,500 juu ya usawa wa bahari, karibu kabisa na ikweta. Mchana na usiku vinakaribia kulingana mwaka mzima. Joto la wastani ni kama digrii 20, na usiku hushuka hadi 14 au 15. Mti haupati ishara ya kulala wala ya kuamka, kwa hiyo unachipua tawi hili, unazaa tawi lile, unaangusha majani machache, na kila kitu kinatokea wakati wowote, mara nyingi katikati ya mvua. Ukitaka tini Goma, wewe ndiye utakayeupa mti wako msimu, na utaupa kwa mkasi.

Ndiyo maana miongozo iliyoandikwa Ufaransa au Uingereza haitusaidii sana. Wao wanafundisha kuufunika mti kwa majani makavu na magunia usiuawe na barafu, kwa sababu baridi ikishuka hadi digrii 10 chini ya sifuri matawi yanakufa. Sisi hatuna barafu. Na habari kwamba mtini lazima upate saa nyingi za baridi kali isikutie hofu: mahitaji yake ni madogo kuliko ya tofaa au pea, na ukikatwa vizuri unazaa hata bila baridi hiyo.

Tawi litoke wapi

Usipande mbegu. Najua zile tini kavu za dukani zina mbegu nyingi, na mtoto wa shule atataka kujaribu. Nyingi kati ya tini hizo, hasa zinazotoka Uturuki, ni za aina ya Smirna, ambayo tunda lake linahitaji kuchavushwa na nyigu mdogo sana anayezaliwa ndani ya mtini dume. Pasipo mtini dume nyigu huyo hayupo, na tunda linadondoka likiwa bichi. Tena karibu nusu ya miche ya mbegu hutoka dume. Utautunza mti miaka mitano, kisha uupasue kuni.

Unachotafuta ni mtini wa kawaida, ambao tunda lake linakua bila kuchavushwa, na unaupata kwa tawi tu. Hii ni kazi ya kale mno. Mwaka 2006 watafiti walieleza kuhusu tini zilizopatikana Gilgal, karibu na Yeriko, zenye umri wa miaka zaidi ya 11,000. Kwa maoni yao zilikuwa za mti usiohitaji kuchavushwa, yaani mti ambao mwanadamu ndiye aliyekuwa akiuendeleza kwa kuvunja tawi na kulichomeka ardhini. Mimi nikichomeka tawi langu kwenye bidoni (dumu) hufurahi kujua kwamba kazi hii ina wazee.

Usihangaike sana na majina ya aina. Ukibahatika kuchagua, Brown Turkey inavumilia kukatwa sana na inazaa vizuri kwenye matawi mapya, na ndiyo ningeiweka mbele kwa Goma. Celeste ina tunda dogo ambalo jicho lake, yaani kile kitundu cha chini, limefungwa, hivyo maji ya mvua na nzi hawaingii kwa urahisi, ila haipendi kukatwa sana. Kwa kawaida lakini, utampata mtu mwenye mti asioujua jina, kwenye parsele ya zamani karibu na ziwa au kwenye bustani ya watawa. Muulize mambo matatu: tunda linaiva hapa hapa, au linabaki gumu? Linaiva mwezi gani? Na jicho la tunda liko wazi au limefunga? Usikate tawi kwenye mti ambao hakuna mtu aliyewahi kula tunda lake, isipokuwa kama unaona wazi kwamba haujawahi kupogolewa, kama ule wa jirani yangu. Na kama mti uko ng'ambo, Gisenyi ya Rwanda, kumbuka kwamba mmea ukivuka mpaka unahitaji karatasi zake. Hapa mjini mitini ipo, itafute kwanza hapa.

Kuotesha

Wakati mzuri ni Januari na mwanzo wa Februari, kwenye kiangazi kifupi, miti inapopogolewa. Chagua tawi la mwaka uliopita, ambalo ganda lake limeacha ukijani na kuwa la kahawia au kijivu, unene wa kalamu hadi kidole gumba. Kata vipande vya sentimita 20, kila kimoja kiwe na macho manne hivi, yaani vile vitumba vya kuchipulia. Chini kata sawasawa, chini kidogo ya jicho. Juu kata mshazari, ili baadaye usichanganye kichwa na mguu. Viache kivulini siku moja, maziwa yakauke na jeraha lifunge.

Vipande vyangu sita vya kwanza vilikufa vyote. Niliviweka kwenye samadi tupu kwa kudhani navipa chakula, nikavinyweshea kila asubuhi. Baada ya wiki tatu nilikivuta kimoja, ganda likabaki ardhini na mkononi nikashika kijiti cheupe kinachonuka. Tawi lisilo na mizizi halili. Linahitaji hewa, unyevu kidogo na utulivu. Sasa nachanganya nusu udongo wa kawaida na nusu changarawe nyeusi ya volkano iliyochekechwa, bila mbolea yoyote. Nachukua bidoni ya lita 5 ya mafuta ya kupikia, naikata shingo, natoboa chini matundu manane kwa msumari wa moto. Kipande kinazama hadi libaki jicho moja nje. Namwagilia mara moja hadi maji yatoke chini, kisha nasubiri udongo ukauke juu kiasi cha kifundo cha kidole kabla ya kumwagilia tena. Tumia maji ya mvua. Maji ya Ziwa Kivu yana chumvichumvi na magadi, na kipande kichanga hakiyapendi.

Baada ya wiki mbili au tatu jicho linafunguka na kutoa majani mawili. Wengi hushangilia hapo na kukipeleka juani. Ngoja. Majani hayo yanakula akiba iliyo ndani ya tawi, mizizi bado haijatoka. Kiache chini ya mwavoka au upande wenye kivuli chepesi hadi wiki ya sita au ya nane, uone nyuzi nyeupe kwenye matundu ya chini. Usikivute kuangalia, maana kila unapovuta unakata kile ulichokuwa unakisubiri. Mizizi ikionekana, kihamishie kwenye bidoni ya lita 20 yenye udongo wenye samadi kidogo iliyooza, kikae humo hadi mvua za Septemba.

Mahali pa kuupanda

Mtini unataka jua la saa sita kwa siku, na zaidi ni bora. Goma tuna bahati moja ambayo watu wa bustani wa nchi baridi wanaigharamia: ukuta mweusi. Mawe ya volkano tunayojengea uzio yanakunywa joto mchana kutwa na kulitoa usiku. Panda mti mita moja na nusu au mbili kutoka kwenye ukuta huo.

Lakini upande gani wa ukuta? Nilikosea hili kwa miaka miwili. Mwezi wa Juni na Julai, tunapotaka matunda yaive, jua letu halipiti katikati ya utosi. Linapita upande wa kaskazini, upande wa volkano ya Nyiragongo. Ukuta unaotazama ziwa unakaa kivulini wakati huo huo ambao mti unahitaji joto kuliko wakati wote wa mwaka. Kwa hiyo panda mbele ya uso wa ukuta unaotazama volkano. Kama unaweza kuchagua pia kati ya jua la asubuhi na la jioni, chukua la asubuhi. Linakausha umande kwenye majani mapema, na magonjwa mengi ya mtini yanaanzia kwenye jani lililolowa.

Kaa mbali na fosi, yaani shimo la choo, na tangi la maji la ardhini, angalau mita tano. Mizizi ya mtini inatafuta maji kama mwizi anavyotafuta mlango ulioachwa wazi, na inapita kwenye ufa ambao wewe huuoni. Kati ya mti na mti acha mita nne.

Na kuna jambo la kwetu ambalo hakuna kitabu cha bustani cha Ulaya kitakuambia: mazuku. Ni hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini na kutulia mahali palipoinama, hasa usiku na alfajiri kabla upepo haujaitawanya. Maeneo ya magharibi ya mji, kuelekea Keshero, Lac Vert na Bulengo, yanajulikana kwa hilo. Imeua watu, imeua mbuzi na ng'ombe. Mizizi nayo inahitaji hewa, na ikizingirwa na gesi hiyo inakosa pumzi. Nilipoteza mitini miwili mizuri kwenye kibonde cha parsele ya rafiki, majani yakawa ya njano kuanzia chini, ikakauka katikati ya mvua, na asubuhi moja tukakuta mijusi miwili imekufa pale pale. Ukikuta wadudu au ndege waliokufa kwenye kishimo, ondoka hapo, wala usimwache mtoto achezee hapo. Usichimbe shimo bondeni ukiwa peke yako alfajiri, na usiinamishe kichwa ndani ya shimo. Panda pale ardhi inapoinuka.

Shimo kwenye lava

Mwenye udongo wa kweli, wa Rutshuru au wa milima ya Masisi, aruke sehemu hii: shimo la sentimita 60 kila upande linamtosha. Sisi wengine tunaishi juu ya mawe, na kuna parsele za katikati ya mji zilizojengwa juu ya lava ya Januari 2002 yenyewe.

Chukua mtalimbo na ugonge sehemu kadhaa kabla ya kuamua. Mlio mzito, kama wa ngoma, unakuambia chini kuna uwazi na mawe yaliyoachana. Mlio mkali wa chuma kinachorudisha mkono ni bamba zima. Kwenye mlio mzito chimba, ukitoa mawe moja moja, hadi upate upana wa sentimita 80 na kina cha 50. Tandika gunia kuukuu la katani chini ya shimo kabla ya kujaza, kwa sababu udongo wako ulioununua kwa pesa utateremka wote kwenye nyufa kwa mvua tatu. Gunia linauzuia mwaka mmoja au miwili, mizizi ikishashika linaoza lenyewe. Kwenye bamba zima usipigane nalo. Panga duara la mawe yenye upana wa mita moja na urefu wa sentimita 60, ulijaze udongo, upande humo. Mizizi itatafuta ufa yenyewe. Mtini unaobanwa mizizi kidogo unazaa kuliko ule uliopewa ardhi ya kutembea, kwa hiyo katika jambo hili mawe yetu yanatusaidia.

Mchanganyiko wangu ni karai tatu za udongo, moja ya samadi iliyooza kabisa, moja ya changarawe ya volkano. Samadi ya sungura au simbilisi ni nzuri mno, ila iache miezi miwili. Usizidishe. Mtini ulioshiba mbolea unageuka kuwa majani matupu. Panda mche ukiwa umezama sentimita tano kuliko ulivyokuwa kwenye bidoni, bana udongo kwa kisigino, mwaga lita 10 za maji, kisha funika udongo kwa nyasi kavu au maganda ya maharagi, ukiacha kiganja kimoja kuzunguka shina.

Mpangaji asikate tamaa. Kata pipa la lita 200 katikati, kila nusu inachukua mti mmoja. Toboa matundu kumi chini, liinue juu ya mawe matatu. Siku ya kuhama unalipakia kwenye chukudu, kile kibaiskeli cha mbao cha kubebea mizigo. Kila baada ya miaka mitatu utoe mti, ukate theluthi ya mizizi ya pembeni, uurudishe na udongo mpya.

Maji

Mwaka wa kwanza, wakati wa kiangazi, lita 10 mara mbili kwa wiki, maana changarawe haishiki maji. Mti uliokomaa unaweza kukaa kiu bila kufa. Mei 2021, Nyiragongo ulipolipuka na sisi tukaondoka mjini, mitini yangu ilikaa siku nyingi bila tone na nikaikuta imenyong'onyea tu. Ila tunda halivumilii kama mti. Matunda yakishakuwa makubwa kama yai la kuku, toa maji kwa kipimo kimoja, lita 20 hadi 30 kwa wiki, usiache wiki mbili kisha ukamwaga bidoni tatu kwa siku moja, maana ngozi ya tini haitanuki haraka hivyo, inapasuka. Ukitumia maji ya ziwa kwenye pipa, ngoja mvua kubwa ya kwanza na uache maji yapite kwa wingi yatoe chumvi. Majivu ya makala, ambayo kila jiko letu linayo, weka konzi mbili kwa mwaka kwa mti, na kama unamwagilia maji ya ziwa usiweke kabisa. Yote mawili yanaupeleka udongo upande mmoja wa magadi.

Kupogoa, ambako ndiko msimu unakotoka

Kabla ya kushika sekateri (mkasi wa kupogolea), vaa mikono mirefu na glavu. Maziwa ya mtini yana kitu ambacho kikikaa kwenye ngozi kisha jua likaipiga, ngozi inaungua. Hausikii chochote wakati wa kazi. Kesho yake unaona mstari mwekundu kwenye mkono, keshokutwa ni malengelenge, na alama nyeusi inakaa miezi. Kijana aliyenisaidia mwaka fulani alikataa glavu, na hadi sikukuu ya Pasaka mkono wake ulikuwa na michirizi kama aliyechapwa. Kata asubuhi mapema au jioni, jioshe kwa sabuni, na usiguse macho.

Hesabu ya Goma ni hii. Mvua ndefu zinaanza Machi, kiangazi kinaanza Juni na kuisha Agosti. Tunataka mti uchipue kwa mvua za Machi na Aprili na uivishe kwa jua la Juni hadi Agosti. Kutoka siku ya mkasi hadi tunda la kwanza kuiva, kwenye baridi yetu, ni miezi mitano na nusu hadi sita. Rudi nyuma kwa vidole: unaangukia katikati ya Januari. Mimi nakata kati ya tarehe 10 na 25. Ukichelewa hadi Machi, nusu ya matunda yatakutana na mvua za Septemba.

Januari ya kwanza baada ya kupanda, kata shina kwenye kimo cha goti. Inauma, najua, kata tu. Yatatoka machipukizi mengi. Bakiza matatu au manne yanayotazama pande tofauti, mengine yang'oe kwa kidole yakiwa laini. Januari ya pili, kata kila tawi kati ya hayo libaki sentimita 30, ukiishia juu ya jicho linalotazama nje. Sasa una mikono, na mikono hiyo itabaki maisha yote ya mti. Kuanzia Januari ya tatu kazi ni ile ile kila mwaka: fimbo zote zilizoota mwaka uliopita zirudishe hadi macho mawili au matatu juu ya mkono. Ukimaliza, mti utaonekana kama ngumi zilizoinuliwa, na wapita njia watakuuliza kwa nini umeuua. Na majani yoyote yaliyobaki yavue kwa mkono, hata yakiwa ya kijani. Huko ndiko kuulaza mti.

Ndani ya wiki tatu macho yanavimba. Machi machipukizi yana urefu wa mkono. Hesabu uache kama kumi tu kwa mti mzima, hewa ipite. Mwisho wa Machi na Aprili, tazama pale kikonyo cha jani kinapokutana na tawi: utaona kipunje cha kijani kama pilipili manga. Hiyo ni tini. Mtini hauonyeshi ua, maua yake yako ndani ya kipunje hicho. Tawi likifikisha jani la saba, bana ncha yake kwa kucha na uitupe, ili nguvu irudi kwenye matunda.

Kisha inakuja kipindi kinachowavunja watu moyo. Tini inakua haraka hadi ukubwa wa ndimu ndogo, halafu inasimama. Wiki nne, tano, sita, haibadiliki rangi wala ukubwa. Watu wanaongeza mbolea, wanaongeza maji, wengine wanakata tena. Usifanye kitu. Ndivyo tini ilivyo: inakua, inatulia, kisha siku chache za mwisho inavimba karibu mara mbili na kuiva. Kama ni Agosti tayari na bado zimetulia, kuna ujanja wa kale: chovya kijiti kwenye mafuta ya zeituni na uguse jicho la tunda, tone moja tu. Kwa tunda ambalo jicho lake limeanza kugeuka rangi, linaiva ndani ya wiki moja. Kwa tunda changa halisaidii, linaliharibu tu.

Mwenye mti wa pili anaweza kuukata huo mwisho wa Julai ili auvune Januari na Februari, kwenye kiangazi kifupi. Mavuno yake kwangu ni madogo na mengine hupasuka, lakini tini ya Januari ina wapenzi wengi nyumbani.

Maadui

Kutu ndilo gonjwa letu kubwa: unga wa njano iliyoiva chini ya majani, kisha majani yanaanguka ovyo wakati wa mvua. Dawa kubwa ni kuupunguza mti upitishe hewa, kuokota majani yote yaliyoanguka na kuyachoma, na kutolowesha majani unapomwagilia. Jani lenye mabaka ya njano na kijani kama sombe (majani ya mhogo) lenye batobato ni virusi vinavyosambazwa na utitiri na kwa matawi yenyewe. Hakuna tiba, kwa hiyo usichukue kipandikizi hapo, ila mti wenye nguvu unaendelea kuzaa. Minyoo fundo inavimbisha mizizi. Usipande pale ulipong'oa nyanya zenye mizizi ya mafundo.

Ndege na popo wanajua siku ya kuiva kabla yako. Mimi nashona vifuko vya pazia jepesi kuukuu na kufunga kila tawi, vinazuia na nzi wa matunda.

Majivu ya volkano ya Nyamulagira yakianguka, au moshi wa volkano ukichanganyika na mvua, majani yanapata madoa ya kuungua kwa ajili ya asidi. Suuza majani kwa maji safi siku hiyo hiyo, na mvua ya kwanza inayotoka kwenye bati usiiingize kwenye tangi.

Kuvuna

Tini ikikatwa mbichi haiivi ndani. Ndizi tumezoea kuzivundika, tini haikubali. Iache hadi shingo yake ilegee na tunda lining'inie kichwa chini, hadi ngozi ipate mistari myembamba myeupe kama kitambaa kilichovutwa sana, na kwenye jicho lisimame tone moja la utomvu mtamu, safi kama asali. Siku hiyo ndiyo siku. Iguse kwa kiganja, si kwa vidole, inyanyue kuelekea juu, itaachia pamoja na kikonyo chake. Kikonyo kikitoa maziwa meupe, ungengoja siku mbili zaidi. Pitia mti kila asubuhi katika Julai, kwa sababu haziivi pamoja. Zinaanza za chini kwenye tawi na kupanda juu moja moja.

Kwenye meza hukaa siku mbili, kwenye friji siku tano au sita. Kuzikausha juani Goma sishauri, zinaota ukungu kabla ya kukauka. Zikizidi, kilo moja ya tini, nusu kilo ya sukari na maji ya ndimu mbili, moto mdogo wa makala, ukikoroga hadi kijiko kiache njia chini ya sufuria, ni kama dakika 40. Lakini za kwanza, zile kumi za mwanzo wa Julai, zipasue mara nne kwa mkono, weka kipande cha jibini la Masisi katikati, na mwite yule aliyekupa tawi.